Stesheni, Ujiji au ufukweni: wapi pa kupigia picha mdoli wako Kigoma, na walinzi wa kila mahali

Wengi wetu tunaokusanya midoli huchagua mahali pa picha kwa macho. Tunatafuta ukuta mzuri, mti wenye kivuli, ziwa nyuma. Mimi naomba uchague kwa geti. Kabla hujapima uzuri wa mahali, jiulize mlinzi wa pale ameajiriwa na nani, na kama yeye mwenyewe, au mtu aliye hatua chache kutoka kwake, ana uwezo wa kusema ndiyo. Mlinzi ambaye hana uwezo wa kuruhusu atakataa tu, hata kama mdoli wako umemfurahisha. Akikataa hapotezi kitu. Akiruhusu na bosi wake akapita, kazi inaweza kuondoka.

Kwa kipimo hicho nalinganisha mahali patatu ambapo wakusanyaji hupataka zaidi: stesheni ya reli ya Kigoma mjini, makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, na fukwe za kulipia za upande wa Katonga. Nitataja pia sehemu ambazo nashauri mdoli ubaki nyumbani.

Stesheni na Ujiji

Kwa sura, stesheni inashinda. Ni jengo la enzi za Wajerumani, jeupe, lenye matao, na liko mwisho wa Barabara ya Lumumba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ndiyo maana mpaka leo mji huu unaitwa mwisho wa reli. Mdoli uliovishwa gauni la zamani na kushikishwa sanduku dogo la safari hautapata mandhari bora kuliko hiyo katika mikoa ya magharibi.

Sasa simama upande wa mlinzi. Amewekwa pale kulinda mali ya umma, abiria na mizigo. Anakuona huna tiketi, huna mgeni unayempokea, umefungua begi ukatoa kitu chenye sura ya mtu, ukakiketisha kwenye ngazi, kisha ukalala kifudifudi na kamera yako imeelekea kwenye mataruma. Hana mahali pa kukuweka kichwani mwake. Juu yake kuna msimamizi wa zamu, na juu ya huyo kuna mkuu wa stesheni, ambaye siku ya treni ana mambo mazito kuliko mdoli. Ndiyo yako iko ngazi mbili juu, na siku ambayo huna miadi haishuki kirahisi.

Ujiji ni tofauti kabisa. Ni kilomita nane hivi kutoka mjini, daladala zipo mchana kutwa, na makumbusho yako katika kiwanja chenye miembe, mahali panapokumbukwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu za hao wawili wakisalimiana, za ukubwa wa watu wazima. Kwa jambo letu hili ni kubwa: mlinzi wa Ujiji anashinda na sanamu za watu kila siku. Kamera kwake ni kawaida, mgeni mwenye mambo yake ni kawaida, na uwepo wa mgeni ndio unaofanya mahali pale pawe na kazi. Unalipa kiingilio, unapewa risiti, unapewa kiongozi wa kukuzungusha. Tayari una mtu wa kukusemea. Mwenye uamuzi yuko kwenye kiwanja hichohicho, kwa hiyo swali lako linaweza kujibiwa kabla hujamaliza kufuta jasho.

Kivuli nacho kinahesabika. Midoli ya resini, yaani plastiki nzito ya kumiminwa, hugeuka manjano ikipigwa na miale ya jua, na rangi hiyo hairudi. Ngazi za stesheni zina jua la wazi, ilhali chini ya miembe ya Ujiji mdoli unaweza kukaa muda mrefu ukiwa salama. Ubaya wa Ujiji ni udongo mwekundu, unaoshika kwenye nguo nyeupe na kwenye vidole vya resini. Tandika kitambaa kwanza, usimkalishe mdoli chini moja kwa moja.

Jambo moja la Ujiji nalisema kwa uzito. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na makumbusho yanabeba historia hiyo. Picha ya mdoli chini ya mwembe ni sawa. Mdoli uliowekwa kwa mzaha penye kumbukumbu za utumwa si sawa, hata kama hakuna mlinzi aliyekukataza. Mwulize kiongozi wako wapi panafaa. Atakuonyesha, na atakuheshimu kwa kuuliza.

Kwa hiyo kwa mtu anayetoka na mdoli mara ya kwanza, mimi nasema Ujiji bila kusita. Stesheni iache mpaka uwe na muda wa kwenda siku ya kazi, asubuhi, bila mdoli, ukaulize ofisini, ukapewa siku na jina la mtu wa kutaja getini. Ukifanya hivyo stesheni inawezekana. Ukitokea tu na begi, usimlaumu mlinzi.

Ufukweni

Fukwe za kulipia upande wa Katonga, kama Jakobsen, zina geti na ada ya kuingia, na mlinzi wake ni wa mtu binafsi. Huyu anajua namba ya simu ya mwenye mahali au ya meneja, na akipiga anapata jibu. Kwa urahisi wa ruhusa nazipanga sawa na Ujiji, na pengine mbele kidogo, kwa sababu aliyeko pale anaona watu wakipiga picha za kila namna.

Lakini adui wa ufukweni si mlinzi, ni mchanga. Mdoli wa resini una viungo vya mviringo vinavyoshikwa na lastiki inayopita ndani ya mwili. Punje zikiingia kwenye goti au kwenye paja, kila unapokunja zinasugua, na mikwaruzo hiyo haitoki. Wigi nalo likilowa maji ya ziwa litahitaji kazi kubwa. Kwa ufukweni ningebeba mdoli wa plastiki ngumu, niuweke juu ya jiwe, na ule wa resini niuache.

Kuna wanaosema: basi twende ufukwe usio na mlinzi wala ada, kama Kibirizi. Pasipo na mlinzi hapawi rahisi kwa sababu hiyo tu. Kibirizi ni mahali pa kazi: mitumbwi inaingia, dagaa wanaanikwa, boti zinapakia, watu wana haraka. Ukitoa mdoli utazungukwa na watoto kwanza, kisha na watu wazima wanaouliza kitu hiki ni cha nini, na hakuna mwenye cheo wa kusema "mwacheni, ameruhusiwa". Mlinzi uliyemwomba vizuri ni kinga yako pia. Watu hulisahau hilo.

Saa ya mwanga na saa ya zamu

Hapa Kigoma ina tabu yake ambayo mtu wa Dar es Salaam haijui. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni moja na ya pwani, kwa hiyo jua letu huwa utosini karibu saa saba mchana na huzama kwenye saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Mwanga laini wa kupendeza, ule unaofanya uso wa mdoli uonekane na uhai, unakuja kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu.

Katikati ya muda huo, saa kumi na mbili kamili, walinzi wa sehemu nyingi hubadilishana zamu. Aliyekuruhusu anavua sare, anayeingia hakujui. Ruhusa ya mdomo haivuki zamu. Watu wengi wanaodhani walinzi wa mahali fulani ni vigeugeu wamekutana na jambo hili tu. Ukipanga kupiga picha za jioni, mwombe wa kwanza akutambulishe kwa mwenzake kabla hajaondoka, au uwe na namba ya meneja. Kwa ufukwe wa kulipia hilo linawezekana. Kwa Ujiji saa za kufungua hazitakuruhusu kukaa mpaka jua lizame, hivyo nenda asubuhi, saa mbili na nusu au saa tatu, mwanga ukiwa bado wa pembeni.

Mdoli gani utoke nao

Ukubwa wa mdoli unaamua mazungumzo ya getini kuliko watu wanavyofikiri. Niweke mitatu pamoja.

Ile midogo ya urefu wa sentimita 28 au 29, kama Barbie, iliyotolewa na Mattel mwaka 1959, au Blythe, ndiyo rahisi kuliko yote. Mlinzi anaijua Barbie hata kama hajawahi kuishika. Binti yake anaitaka. Blythe ina historia nzuri: kampuni ya Kenner ya Marekani iliitoa mwaka 1972, haikudumu sokoni, ikarudishwa na Takara ya Japani mwaka 2001. Kichwa chake ni kikubwa na macho hubadilika rangi ukivuta uzi ulio kisogoni. Nakuomba usivute uzi huo getini mpaka mlinzi mwenyewe aulize unafanya nini. Kwa aliyetayarishwa ni burudani. Kwa asiyetarajia, kitu chenye macho yanayogeuka rangi kwenye mkono wa mtu asiyemfahamu kinaleta fikra za ushirikina, na hofu hiyo ni ya kweli kwa aliye nayo. Hutaiondoa kwa kumcheka wala kwa kumhutubia.

Mikubwa ya resini ndiyo inayohitaji maandalizi. Volks ya Japani ilianza kuuza Super Dollfie mwaka 1999, na ukubwa wa kawaida wa mdoli huo ni karibu sentimita 60. Ile ya wastani ni 40 na kitu. Ndani yake kuna kulabu za chuma, na mingi ina sumaku kichwani, kwa hiyo kifaa cha kukagulia chuma kitalia. Mlinzi akitaka kuona kilichomo kichwani, mweleze kabla hujafungua: kofia ya fuvu inatoka, na nyuma ya macho kuna udongo wa kubandikia. Asiyejua, akafunuliwa ghafla, ataruka. Tena usimwache aushike usoni au aunyanyue kwa mguu mmoja. Rangi ya uso imepakwa kwa mkono na jasho la vidole huifuta, na lastiki ikikazwa vibaya mguu hurusha teke. Mwambie tu, "Naomba nikushikie mwenyewe, mkuu, uangalie upande wowote unaotaka." Kisha onyesha kiwiko. Kiwiko chenye kiungo cha mviringo kinamaliza shaka zote haraka kuliko maelezo ya dakika kumi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye mkono wa namna hiyo.

Wa tatu ni ule unaotengenezwa ufanane na mtoto mchanga, wenye uzito wa mtoto, mishipa ya damu iliyochorwa na nywele zilizopandikizwa mmoja mmoja. Huu nashauri usitoke nao kabisa, popote, mbali na nyumba yako na ya jamaa wanaoujua. Mwaka 2016, huko Keene, New Hampshire, nchini Marekani, polisi walivunja kioo cha gari wakiamini wanaokoa mtoto, wakakuta ni mdoli. Huko ilikuwa ni hasara ya kioo. Hapa kwetu, mtu akionekana kwenye daladala amekumbatia kitoto kisichosogea wala kupumua, watu watawaza maiti au wizi wa mtoto, na hawatasubiri maelezo. Watakuwa na haki ya kushtuka.

Kwa sababu hiyohiyo, hata mdoli wa resini wa sentimita 60 usiufunge kanga ukaubeba kifuani au mgongoni, hata kama ndiyo njia laini ya kuukinga. Mama mmoja atakupisha kiti, mwingine atataka kumwona mtoto. Wakigundua, watahisi umewachezea, na wewe hukukusudia. Tumia begi lenye umbo la begi. Ukiwa na boksi la kiwandani lenye picha ya mdoli, njoo nalo hata kama limechakaa. Getini boksi linaeleza mambo ambayo maneno yako hayatayaeleza.

Maneno ya getini

Mdoli ubaki ndani ya begi mpaka salamu ziishe. Mkubwa kwako umpe shikamoo yake, rika lako "habari za kazi, mkuu". Ukimsikia ni Muha na unajua kumwambia "mwakeye" asubuhi, sema. Kisha sema kitu kabla hujaulizwa: "Mzee, naomba nikueleze kabla sijaingia. Kwenye begi nina mdoli wangu wa mkusanyo, naupiga picha sehemu mbalimbali za mkoa wetu. Nilitaka picha chache pale chini ya mwembe. Nimwone nani?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Wengi huuliza "naruhusiwa?" Hapo umemlazimisha aamue jambo ambalo huenda si lake, na jibu salama kwake ni hapana. Ukiuliza "nimwone nani?" umemwacha na heshima yake, umemwonyesha unajua kuna utaratibu, na umempa kitu anachokiweza: kukuelekeza. Ujiji atakuelekeza kwa kiongozi. Ufukweni atapiga simu. Stesheni atakutajia ofisi, na hapo utajua kama siku hiyo inawezekana au urudi nyingine.

Kama picha ni za kuuza, au unakuja na taa, miguu ya kamera na watu watatu, sema hivyo tangu mwanzo, maana kazi ya biashara ina vibali vyake. Simu ya mkononi na mtu mmoja haimsumbui mlinzi kama lenzi ndefu inavyomsumbua. Mara nyingi kinachomtisha ni kamera, mdoli ni kisingizio tu.

Akigusia chai au soda, usitoe. Lipa kiingilio, dai risiti, basi. Ukitoa leo umeweka bei kwa kila mkusanyaji atakayefuata, na wengi wao ni vijana ambao nauli yenyewe wameikusanya kwa wiki.

Ambako mdoli ubaki nyumbani

Bandari ya Kigoma. Najua kivutio ni MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Ningependa picha hiyo kama wewe. Lakini bandari, kama uwanja wa ndege, ni mahali ambapo mlinzi wa geti hana ndiyo ya kukupa, na nchi ina sheria ya maeneo yanayolindwa tangu 1969 inayowapa walioidhinishwa nguvu ya kukuelekeza na kukupekua. Usijaribu kuiba picha kupitia uzio.

Gombe nayo hapana, kwa sababu nyingine. Hifadhi imekuwepo tangu 1968, na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianza kazi yake huko mwaka 1960. Sokwe hupata maradhi yetu, na kitu kilichoshikwashikwa na watu hakifai kuachwa karibu nao. Nyani wa pale ufukweni ni wezi hodari, na aliyeupora mdoli wako hatakurudishia. Askari wa hifadhi akikuambia urudishe begi ndani, anamlinda sokwe kwanza, na yuko sahihi.

Ukiambiwa ufute

Hili linaweza kutokea hata ulikoruhusiwa: msimamizi anafika, hakuambiwa, anataka picha zifutwe. Usibishane mbele ya watu. Rudisha mdoli kwenye begi kwanza, kwa kuwa watu wanaozozana hugusa na kuvuta. Mwambie nani alikuruhusu na saa ngapi, mwonyeshe risiti. Akishikilia msimamo, mfungulie simu umwonyeshe picha moja moja. Mara nyingi akiona ni mdoli na mwembe, hakuna askari wala ofisi nyuma, anataka ile yenye geti tu ifutwe. Ifute akiona. Halafu mwulize swali lilelile, umwone nani ili siku nyingine uje kwa utaratibu, na uliandike jina la cheo atakachokutajia kabla hujaondoka getini.